Ryzen 7 7800X3D: kwa nini AMD iliichelewesha, na namna ya kuinunua na kuifunga Lubumbashi

Kwa mtu wa Lubumbashi anayetaka kompyuta ya michezo, na anayejua kwamba jioni fulani umeme wa SNEL hautakuwepo, Ryzen 7 7800X3D ni prosesa bora kuliko ndugu zake wawili waliouzwa kwa bei kubwa zaidi. Ina viini 8, inakula umeme kidogo, haihitaji programu ya kuiongoza, na katika michezo mingi inakwenda sawa na ile ya dola 699 iliyotambulishwa nayo siku moja, pengine inaipita. Lakini hiyo ya dola 699 iliingia sokoni wiki tano kabla yake. Tunaona kwamba kucheleweshwa huko kulipangwa, na sababu zake zinaeleza pia bei unazotajiwa leo katikati ya mji.

Tuanze na tarehe. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza 2023, kwenye maonyesho ya CES mjini Las Vegas, Lisa Su, mkuu wa AMD, kampuni ya prosesa hizi, alitambulisha prosesa tatu kwa pamoja: 7950X3D yenye viini 16, 7900X3D yenye viini 12 na 7800X3D yenye viini 8. Zote tatu zimeongezewa kashe (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 64, iliyobandikwa juu ya kipande cha silikoni chenye viini. Tarehe 1 mwezi wa pili zikatangazwa siku za mauzo: 7950X3D kwa dola 699 na 7900X3D kwa dola 599 tarehe 28 mwezi huohuo, kisha 7800X3D kwa dola 449 tarehe 6 mwezi wa nne.

Sasa angalia kilichomo ndani. 7800X3D ina kipande kimoja cha viini 8 chenye kashe ya ziada, pamoja na kipande kingine cha kuwasiliana na RAM na kadi ya picha. 7950X3D ina vitu hivyohivyo, halafu inaongezewa kipande cha pili cha viini 8 kisicho na kashe ya ziada. Kwa hiyo kiwanda kinachoweza kutoa 7950X3D tayari kina kila kitu cha kutoa 7800X3D, na bado kinabaki na kipande kimoja. Wapimaji kadhaa walilionyesha hilo waziwazi: walizima kipande cha pili cha 7950X3D kupitia BIOS, ile programu ya msingi ya ubao mama, wakakadiria matokeo ya 7800X3D kabla haijafika dukani.

Ile ya katikati, 7900X3D, ndiyo inayotusumbua zaidi. Ina vipande viwili vya viini 6, na kimoja tu ndicho chenye kashe. Mchezo ukitaka kashe, unaendeshwa na viini 6. Mtu aliyelipa dola 599 mwezi wa pili alipata viini 6 vya michezo. Aliyesubiri hadi mwezi wa nne alipata 8 na akabaki na dola 150 mfukoni. Kama zote tatu zingeuzwa siku moja, wachezaji wangapi wangeigusa 7900X3D? Hilo ndilo swali ambalo wiki tano zile zililizuia lisiulizwe dukani.

Kwa nini AMD ifanye hivyo? Tazama hali ya mfuko wake wakati ule. Robo ya mwisho ya 2022, mapato ya AMD ya prosesa za kompyuta za watu binafsi yalikuwa dola milioni 903, pungufu kwa asilimia 51 kuliko mwaka uliotangulia. Robo iliyofuata yakawa milioni 739, pungufu kwa asilimia 65. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2023 kampuni iliwaeleza wawekezaji kwamba ilikuwa ikipeleka sokoni prosesa chache kuliko zinazonunuliwa, ili stoku iliyojaa kwa wauzaji ipungue. Kesho yake ndipo ratiba ya X3D ikatangazwa. Maghalani zilikuwepo 7700X zilizotoka mwezi wa tisa 2022 kwa dola 399. Prosesa ya michezo iliyo bora kuliko zote, kwa dola 50 tu juu ya bei hiyo ya mwanzo, ingeziua siku ya kwanza. Tafsiri yetu ni hii: waliokuwa na haraka na pesa walitangulizwa ili walipe 599 na 699, na stoku ya zamani ikapewa muda wa kupumua.

Ipo sababu nyingine yenye uzito kiasi, nayo ni seva. Vipande vyenye kashe ya ziada vinahitajika pia huko. EPYC 9684X, prosesa ya seva ya AMD iliyotoka mwezi wa sita 2023, ina vipande 12 vya aina hiyo, jumla ya kashe MB 1,152, na bei yake ya orodha ilizidi dola 14,000. Kubandika kashe ni kazi ya ziada kiwandani, na prosesa ya 449 ndiyo iliyotarajiwa kununuliwa na watu wengi zaidi. Wiki tano za kukusanya mzigo kabla ya kufungua mauzo zina maana. Tunakubali kwamba hilo lilichangia; hatukubali kwamba linatosha.

Sababu yenyewe ya kiwanda ikiwepo, ina sura yake na inatambulika. Mfano ni Ryzen 5 5600X3D. Hiyo ilitokana na vipande vya 5800X3D ambavyo havikufikia kiwango, vikazimwa viini viwili. 5800X3D ilianza kuuzwa mwezi wa nne 2022. 5600X3D ilifika mwezi wa saba 2023 kwa dola 229, kwa idadi ndogo, na iliuzwa na maduka ya Micro Center ya Marekani peke yake. 7600X3D nayo ilianza hivyo katika maduka hayohayo mwezi wa nane 2024, kwa dola 299. Masalio ya kiwanda huchelewa sana, huja machache, na huuzwa sehemu moja. 7800X3D haikuwa na dalili hata moja kati ya hizo: ilikuja kwa wingi, dunia nzima, na siku yake ilijulikana miezi miwili kabla.

Na ushahidi ulio mzito kuliko wote ulikuja baadaye, AMD ilipogeuza utaratibu. 9800X3D ilitoka kwanza, tarehe 7 mwezi wa kumi na moja 2024, kwa dola 479. 9900X3D na 9950X3D zikasubiri hadi tarehe 12 mwezi wa tatu 2025. Muundo ni uleule wa kipande kimoja chenye kashe, tofauti ni kwamba safari hii kashe imewekwa chini ya viini badala ya juu. Kama kiwanda kingelazimisha kubwa zianze, kingelazimisha na safari hii. Kilichobadilika ni soko. Tarehe 24 mwezi wa kumi 2024 Intel, mshindani wa AMD, ilitoa prosesa za Core Ultra 200S, na kwenye michezo mara nyingi zilishindwa hata na prosesa za Intel za kizazi kilichotangulia. Ryzen 9700X ya mwezi wa nane nayo ilipokewa kwa ubaridi, kwa kuwa katika michezo haikuizidi sana 7700X. Na 7800X3D, ambayo nusu ya kwanza ya 2024 ilishuka hadi karibu dola 350 Marekani, ilikuwa imepanda tena juu ya 400. Mlango ulikuwa wazi, AMD ikaingia na silaha yake nzuri moja kwa moja. Robo ile mapato yake ya upande huo yalifika dola bilioni 2.3.

AMD si peke yake katika mtindo huu. Intel kwa miaka kadhaa imekuwa ikitoa prosesa zenye herufi K na mbao mama za bei kubwa majira ya mwezi wa kumi, kisha zile za kawaida na mbao mama za bei nafuu mwezi wa kwanza. Nvidia ilitoa kadi za picha RTX 5090 na 5080 tarehe 30 mwezi wa kwanza 2025, na mwenye bajeti ya RTX 5060 akangoja hadi mwezi wa tano.

Hapa kwetu kucheleweshwa huko kunarefuka. Mzigo unatoka Dubai kwa ndege, au unashuka bandari ya Dar es Salaam, unapita Tunduma, unavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa. Muuzaji aliyeweka pesa zake kwenye 7900X3D kwa bei ya mwanzo hawezi kuishusha kwa sababu tu bei imeanguka Marekani, na kweli ilianguka: kabla 2023 haijaisha, maduka ya huko yaliiuza chini ya dola 450. Atakuambia viini 12 ni zaidi ya 8, na hesabu yake ni sahihi. Wewe muulize viini vingapi vina kashe. Ikiwa anataka bei moja kwa zote mbili na kazi yako ni michezo, chukua 7800X3D. Kuna na shida ya programu: 7900X3D na 7950X3D zinategemea draiva za AMD na Game Bar ya Windows zipeleke mchezo kwenye kipande sahihi. Windows isipopata masasisho, kwa sababu mega za intaneti zinalipiwa kwa shida, mchezo unaweza kukimbia kwenye kipande kisicho na kashe na usijue kwa nini unakwama. 7800X3D ina kipande kimoja, kwa hiyo tatizo hilo haliko.

Si kila mtu anaihitaji, na tungependa watu wapoteze pesa kidogo hapa. Kadi yako ikiwa RTX 4060 au iliyo chini yake, kadi ndiyo itakayokuwekea kikomo katika michezo mingi. Chukua Ryzen 5 7600, ambayo ilitangazwa kwa dola 229 ikiwa na feni ndani ya boksi, na tofauti ya pesa iongeze kwenye kadi. Anayekata video za harusi au klipu za muziki achukue Ryzen 7 7700: viini 8 vilevile, feni ndani, ilitangazwa kwa 329, na kwa kazi hiyo kashe ya ziada haisaidii kitu cha kuonekana. Hata 7700X inaipita kidogo 7800X3D kwenye kazi za kuchakata picha, kwani inafika GHz 5.4 na X3D inaishia 5.0. Thamani ya 7800X3D iko kwa mwenye kadi ya nguvu ya RTX 4070 kwenda juu, na kwa michezo ya kuiga ndege, ya kujenga miji na viwanda, na ya ushindani kwenye skrini ya Hz 144 au zaidi.

Ukinunua, angalia boksi kwanza. Namba ya 7800X3D ni 100-100000910WOF, na herufi WOF zinaonyesha hakuna feni ndani. Kipoza cha mnara chenye feni moja ya mm 120 kinatosha. Cha minara miwili ni kizuri zaidi kwa joto la mwezi wa kumi. Lakini si kila kipoza cha AM4, soketi ya AMD ya kizazi kilichotangulia, kinafaa. Bamba la nyuma la AM5, soketi inamokaa prosesa hii kwenye ubao mama, halitoki, linashikilia soketi yenyewe, kwa hiyo kipoza kinachokuja na bamba lake la kubadilishia hakitakaa. Kinachofunga kwenye bamba la asili kinakaa vizuri. Pasta ya kupitisha joto weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati. Kifuniko cha prosesa hii kina mapengo pembeni, na pasta ikizidi inajaa humo na kukauka.

Pini za AM5 ziko kwenye ubao mama. Ukinunua ubao uliotumika, washa taa ya simu, uiinamishe, na utazame safu za pini kutoka pande mbili. Pini moja iliyolala inaweza kuua nafasi nzima ya RAM.

BIOS ndiyo sehemu ambayo watu wanaharibu kitu cha mamia ya dola. Mwezi wa nne 2023 ziliripotiwa 7800X3D zilizoungua pamoja na soketi zake. EXPO, ile mipangilio ya kuharakisha RAM, ilikuwa ikipandisha volteji ya sehemu ya prosesa iitwayo SoC kupita kiasi. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Mbao mama za aina ya B650 zilianza kuuzwa mwezi wa kumi 2022, na ubao uliolala ghalani tangu wakati huo una BIOS ya kabla ya kikomo hicho. Pengine hata hautaitambua prosesa. Kwa hiyo usiwashe EXPO kabla ya kusasisha. Chukua ubao wenye kitufe cha kuflashi bila prosesa. Weka faili la BIOS kwenye flashi ya FAT32, ulipe jina lililoandikwa kwenye kitabu cha ubao, uichomeke kwenye tundu lililowekewa alama, kisha ubonyeze kitufe na usubiri taa iache kumeta. Fanya hivyo ukiwa kwenye ondulere (UPS) yenye betri nzima, hata kama umeme upo. Ukikatika katikati ya kuflashi, ubao usio na kitufe hicho unaweza kubaki umekufa.

RAM: vijiti viwili vya GB 16, DDR5-6000, CL30. Vijiti vinne vinashusha kasi rasmi hadi 3600 na vinaleta kutotulia. Mara ya kwanza ukiwasha, skrini itakaa nyeusi dakika kadhaa wakati ubao unaifunza RAM. Usizime. Mafundi wengi hudhani imekufa, wanachomoa, na mafunzo yanaanza upya kila mara. Ikiwa inachelewa hivyo hata siku za kawaida, tafuta Memory Context Restore ndani ya BIOS na uiwashe. Ikianza kuganda baada ya hapo, izime tena. Uvumilivu wa sekunde arobaini ni nafuu kuliko Windows iliyoharibika.

Joto lisikutishe. Kikomo chake ni nyuzi 89, na kwenye kazi nzito kufika 80 na kitu ni kawaida, kwa kuwa kashe iliyo juu ya viini inazuia joto kutoka. Ukitaka kushusha, ingia Curve Optimizer, sehemu ya BIOS ya kupunguza volteji ya viini, na uweke hasi 15 kwa viini vyote, halafu pima siku mbili kabla ya kwenda hasi 20. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaziba chujio la mbele, na hapo ndipo nyuzi zinapopanda zenyewe. Lisafishe kila wiki mbili.

Sasa umeme, ambako prosesa hii inajilipia. Kwenye michezo inakula takriban wati 50 hadi 80. Core i9-14900K ya Intel kwenye michezo ileile mara nyingi inapita 130, na kikomo chake ni 253. Chukua kompyuta yenye 7800X3D, RTX 4070 ya wati 200 na skrini: takriban wati 380 kutoka ukutani. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 200, ina Wh 2,400, lakini ukiitumia zaidi ya nusu unaiua haraka; toa hasara ya inveta, unabaki na kama Wh 1,050. Hiyo ni saa mbili na dakika arobaini na tano hivi. Kwa 14900K unashuka kwenye saa mbili na robo. Ukifunga mchezo kwenye fremu 60, kadi inapumzika na muda unarefuka zaidi ya tofauti yoyote ya prosesa.

Ondulere ya 650 VA haitoi wati 650. Nyingi zinatoa chini ya 400, na kompyuta hii itaiangusha mchezo unapopamba moto. Chukua 1,200 VA au zaidi. Inveta iwe ya wimbi safi, maana pawasaplai nzuri zenye PFC (sakiti ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme) hugoma au kuzima ghafla kwenye inveta za bei rahisi. Pawasaplai yenyewe iwe ya wati 650 iliyoandikwa volti 100 hadi 240. Ile iliyoandikwa 200 hadi 240 itazima volteji ya mtaa ikishuka hadi 170. Na umeme ukirudi baada ya delestaji, yaani kukatwa kwa zamu, ngoja dakika tano kabla ya kuchomeka.

9800X3D ni ya kasi zaidi, hilo halina ubishi, na kashe ikiwa chini viini vyake vinapoa vizuri zaidi. Inakula umeme mwingi zaidi, na kwa mwenye RTX 4070 tofauti kwenye skrini ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Tungeilipia tu ikiwa muuzaji ameikaribisha kwenye bei ya 7800X3D, jambo linalotokea mzigo mpya unapofika wakati wa zamani haujaisha. Inakaa kwenye ubao uleule wa B650, ila BIOS iwe ya mwisho wa 2024 au baadaye.

Kabla hujatoa pesa, iwashwe mbele yako. Fungua kidhibiti cha kazi cha Windows, upande wa prosesa, usome mstari wa L3, ambao ndio kashe yenyewe: iwe MB 96. Ikisoma 32, hiyo ni 7700 au ndugu yake, hata boksi liseme nini. Jina la prosesa na namba yake ya mfululizo (serial) viandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa garanti wa duka, kwa kuwa kurudisha prosesa Dubai kwa gharama yako mwenyewe kunaweza kula sehemu kubwa ya bei yake.